Kero za mtaani Dar es Salaam: nani apokee, nani atengeneze? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya mtaa, kwenye kundi la WhatsApp la majirani na kwenye benchi lililo nje ya ofisi ya mtendaji. Nilikaa miaka mitano kama mjumbe wa Kamati ya Mtaa, na kazi kubwa niliyoifanya ilikuwa kuwaelekeza watu mlango. Wengi walikuwa wameshalalamika, tena kwa sauti. Tatizo ni kwamba walilalamika kwa mtu asiye na koleo wala bajeti ya jambo lile.

## Pa kuanzia

1. Nikiona tatizo mtaani kwangu, naanzia wapi?

Ofisi ya Serikali ya Mtaa. Hata kama mwenye kazi ni taasisi nyingine, mtaa ndio unaothibitisha kwamba kero ipo, iko wapi na inawagusa watu wangapi. Barua yenye muhuri wa mtaa hufunguliwa haraka kuliko ya mtu mmoja mmoja.

Kuna mambo mawili hayasubiri mtaa. La kwanza ni hatari ya papo hapo (swali la 10). La pili ni bomba la maji lililopasuka au umeme uliokatika: hapo piga moja kwa moja huduma kwa wateja ya DAWASA au TANESCO, namba zao zipo kwenye bili na risiti zako.

2. Mwenyekiti, mtendaji, mjumbe, diwani: nani hasa ananihusu?

Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Anaongoza vikao na anawasemea wakazi. Halipwi mshahara kama mtumishi, kwa hiyo usishangae ukimkuta dukani kwake badala ya ofisini.

Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Faili, barua na kumbukumbu ziko kwake. Ukitaka jambo liandikwe, mtafute yeye. Juu yake yupo mtendaji wa kata, ambaye ndiye anayepeleka mambo kwa mkurugenzi wa manispaa na kwa wataalamu kama bwana afya na ofisa mazingira.

Diwani anachaguliwa na kata nzima, anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata na anakaa kwenye Baraza la Madiwani. Hazibui mtaro, lakini akiuliza barazani kwa nini mtaro haujazibuliwa, kuna mtu lazima ajibu.

Mjumbe ndiye anayechanganya wengi. Mjumbe wa Kamati ya Mtaa ni kiongozi wa serikali ya mtaa. Balozi wa nyumba kumi, ambaye watu bado wanamwita mjumbe, ni kiongozi wa chama tu, hasa tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Anaweza kukusaidia kwa kuwa anajua watu, lakini kumwambia yeye peke yake si kuripoti serikalini.

3. Mimi ni mpangaji, tena si wa chama cha mwenyekiti. Nitasikilizwa?

Ndiyo. Kero ni ya mkazi, haina haja ya hati ya nyumba wala kadi ya chama. Kama hujawahi kujitambulisha ofisini, nenda kajiandikishe kwenye daftari la wakazi kabla hujapata shida. Mgeni anayefika mara ya kwanza akiwa na hasira huanza kwa kuulizwa "wewe unakaa kwa nani?", na nusu saa inapotelea hapo.

4. Hivi niko chini ya manispaa gani? Na "Jiji" ndilo lipi?

Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Hadi Februari 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa zote. Ilivunjwa, na iliyokuwa Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Mbagala anayeandika barua kwa "Mkurugenzi wa Jiji" ameiandikia Ilala. Wa kwake ni Mkurugenzi wa Manispaa ya Temeke.

Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa ni upande mwingine kabisa: wanamwakilisha Rais, hawako ndani ya halmashauri. Watu huwapelekea kero kwenye ziara na mikutano ya hadhara kwa sababu wakisema, watendaji wanakimbia. Ni njia inayofanya kazi, lakini itumie ukiwa na karatasi mkononi (swali la 11). Swali la kwanza utakaloulizwa mbele ya kipaza sauti ni: "Umeshafika kwa mtendaji wako?"

## Kila kero na mwenyewe

5. Barabara yetu ina mashimo. Manispaa wanasema si yao. Ni ya nani?

Huenda wanasema kweli. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mitaani na za wilaya ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa chini ya halmashauri, na ndiyo maana barua nyingi bado zinakwenda manispaa kwa mazoea.

Namna rahisi ya kupambanua: barabara inayopita mabasi ya kwenda mikoani, au ile pana inayounganisha wilaya na wilaya, anzia TANROADS. Inayoingia mtaani, hata kama ina lami, ulizia TARURA ya wilaya yako. Kuna vichochoro na njia za miguu ambazo hazimo kwenye orodha ya yeyote. Hizo ni za mtaa, na hapo ndipo michango ya wakazi huanza (swali la 17).

Mimi mwenyewe niliwahi kufuatilia shimo moja kwa miezi minne kwenye ofisi ambayo kila mara ilinipokea kwa heshima na kugonga muhuri kwenye nakala yangu. Mwezi wa tano kijana wa mapokezi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mzee, kwani hiyo barabara ni yetu?" Haikuwa yao. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ofisini, kabla ya salamu kukamilika, ni: jambo hili ni lenu?

6. Maji yanatiririka barabarani. Nipige wapi?

Kwanza yaangalie na uyanuse. Maji safi yanayobubujika ardhini hata siku ya jua ni bomba lililopasuka: DAWASA. Maji machafu yanayofurika kwenye chemba iliyo katika mtandao wa majitaka ni ya DAWASA pia. Lakini sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao huo, na chemba nyingi tunazoziona ni za nyumba ya mtu. Chemba ya mtu ikifurika, hiyo ni kesi ya bwana afya, si ya mamlaka ya maji (swali la 16).

Maji ya mvua yaliyosimama ni mtaro. Mtaro ulio kandokando ya barabara una mwenyewe yule yule wa barabara. Ukiandika barua ya mtaro, eleza umezibwa na nini. Mchanga na majani ni suala la usafishaji. Kalavati lililovunjika ni ujenzi, linahitaji fedha na linasubiri bajeti. Na kama kuna mtu amejenga fremu ya duka juu ya mtaro, hilo ni la ofisa mipango miji wa halmashauri, na jiandae kwa safari ndefu.

7. Gari la taka halijapita wiki mbili. Nalalamika kwa mkandarasi au manispaa?

Jukumu la taka ni la halmashauri. Mkandarasi au kikundi kinachokusanya ada kimepewa kazi hiyo na halmashauri, hivyo akizembea anayepaswa kumbana ni aliyempa kazi. Mpigie mkandarasi kwanza, mara nyingi gari limekwama foleni ya dampo la Pugu Kinyamwezi au limeharibika. Asipoeleweka, peleka kwa mtendaji ukiwa na risiti zako za ada. Risiti ndiyo silaha hapa. Mtaa ambao nusu ya nyumba hazilipi hauna nguvu ya kumdai mtu, na mkandarasi atakuwa wa kwanza kulisema hilo mbele ya kikao.

Lipa kwa namba ya malipo ya serikali au dai risiti ya mashine. Anayepita mlangoni na daftari la shule mwulize kitambulisho.

Viroba vinavyotupwa usiku kwenye kona moja, hadi kona ikawa dampo bubu, havitaondoka kwa gari kuja mara moja. Vitasombwa leo, kesho vitarudi. Mitaa iliyofaulu ilifanya mambo mawili kwa pamoja: gari likawa na siku na saa inayojulikana, na pale konani akawekwa mtu, hata mama wa mihogo, mwenye sababu ya kukaa hapo.

8. Taa za barabarani haziwaki. Ni TANESCO?

Kwa kawaida hapana. Taa iliyo kwenye nguzo yake ya chuma ni mali ya mwenye barabara (swali la 5). TANESCO wanahusika na nyaya, transfoma na nguzo za umeme. Nguzo iliyooza au waya ulioning'inia ni dharura yao. Usiiguse, wala usimwite kishoka.

9. Baa ya jirani inapiga muziki hadi alfajiri. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenye majibu mengi na mafanikio machache, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Usiku wa tukio, polisi. Kesho yake, ofisi ya mtaa, kwa maandishi. Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwani kelele zina kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na baraza hilo limewahi kutoza faini na kufungia kumbi na baa. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni leseni. Leseni ya vileo inatolewa na halmashauri na ina muda wa kuisha. Malalamiko ya wakazi ishirini yaliyosainiwa, yakimkuta ofisa biashara wakati mwenye baa anaomba kuhuisha leseni, yana uzito kuliko simu mia za usiku.

Andika tarehe na saa kwa wiki tatu mfululizo. "Kila siku wanapiga kelele" ni kauli ambayo mwenye baa ataipangua kwa dakika moja. "Ijumaa tarehe 6 hadi saa 9:40 usiku" inamlazimu ajibu.

Kanisa na msikiti sheria ni ile ile, ila njia ya busara ni kuanza na wazee wa ibada pamoja na mwenyekiti. Kigodoro na maturubai ya shughuli yanayofunga njia huhitaji kibali. Ulizia ofisi ya mtaa nani alikitoa, na kinaishia saa ngapi.

10. Kitu gani ni dharura?

Moto, jengo linaloporomoka, mtu aliyesombwa na maji: 114, Zimamoto na Uokoaji. Uhalifu: 112, Polisi. Usitume picha kwenye kundi kwanza.

## Kuandika na kufuatilia

11. Lazima niandike barua? Mwenyekiti nimeshamwambia kwa mdomo.

Ulichomwambia kwa mdomo kimekwisha hapo hapo. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Weka tarehe, jina la mtaa na kata, tatizo ni nini, liko wapi hasa, lilianza lini, linamuumiza nani, na unaomba nini. Ukurasa mmoja. Ambatanisha picha mbili: moja ya karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha duka au nguzo ya kutambulisha mahali.

Chapa nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, uondoke nayo. Mtu akikataa kugonga muhuri, omba aandike jina lake na tarehe kwa kalamu. Nakala hiyo ndiyo inayokupandisha ngazi (swali la 14).

Matusi, tuhuma za rushwa zisizo na ushahidi na siasa za uchaguzi viache nyumbani. Barua ikimgusa mtu, itajibiwa kwa kumtetea mtu, na shimo litabaki.

12. Mtaa wetu hauna majina. Nielezeje mahali?

Siku hizi majina yapo mengi kuliko tunavyodhani. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliacha vibao vya barabara na namba za nyumba. Angalia ukutani kwako, au mlango wa tatu. Andika jina la barabara na namba ya nyumba iliyo karibu na tatizo. Pasipo na kibao, simu yako inaweza kukupa alama ya mahali kwenye ramani. "Nyuma ya kwa Mama Salma" inatosha kwa mwenyekiti, haitamfikisha fundi anayetoka makao makuu.

13. Kuna njia ya simu ya kuripoti bila kwenda ofisini?

Ipo. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho hupokea malalamiko, maoni na pongezi kwa taasisi za umma. Unaingia kwa intaneti, kwa programu ya simu, au kwa kupiga *152*00# hata kwenye simu ya kitochi. Chagua taasisi sahihi (ndiyo maana sehemu ya pili ya ukurasa huu ni ndefu) na uitunze namba unayopewa.

Mitandao ya kijamii husaidia pale taasisi inapokuwa na watu wanaojibu. Lakini mjadala wa mtandaoni hauna muhuri. Fanya vyote viwili.

14. Nimeandika, kimya. Nisubiri mpaka lini, na niende wapi?

Kwa jambo dogo kama mtaro au taka, wiki mbili zinatosha kurudi na kuuliza. Kwa jambo linalohitaji ujenzi, uliza swali tofauti: limeingizwa kwenye bajeti? Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na mipango ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla. Kero iliyofika mezani Mei, hata wakiikubali, huenda ikangoja mwaka mzima. Hiyo si dharau, ni kalenda, ila ofisi nyingi hazijisumbui kueleza.

Ngazi ni hizi: mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, kisha mkurugenzi wa halmashauri au meneja wa taasisi husika. Diwani mpe nakala kila hatua. Kila barua mpya iitaje ya zamani kwa tarehe. Malalamiko ya maji na umeme yasiyojibiwa na mtoa huduma yanaweza kupelekwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.

Ukitaka nyaraka, kwa mfano mkataba wa mkandarasi wa taka au fedha zilizotengwa kwa barabara yenu, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku 30 za kujibu.

15. Kikao cha mtaa kina faida gani? Ni maneno tu.

Kikao kina muhtasari. Jambo likiandikwa kwenye muhtasari, linapanda kwenda kata. Kwa hiyo kabla kikao hakijafungwa, omba katibu asome kilichoandikwa kuhusu kero yenu. Nimeona nusu saa ya hotuba moto kuhusu mtaro ikageuka kwenye karatasi kuwa "mengineyo: usafi."

Na dai mapato na matumizi yasomwe. Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi kwa wananchi, ingawa huko unakwenda kusikiliza.

## Kona ngumu

16. Jirani anatapisha choo kila mvua ikinyesha. Naogopa ugomvi.

Kero hii inaua. Kipindupindu hupitia humo humo. Mwambie bwana afya wa kata ana kwa ana na umwombe asikutaje. Anaruhusiwa kufanya ukaguzi wa nyumba zote za uchochoro, na huko ndiko wengi wao huanzia ili mtoa taarifa asijulikane. Mpe siku na saa ya mvua, kwa sababu akija jua likiwaka ataona vumbi tupu. Kama jirani ni mtu wa kuzungumza naye, kumbuka pia kwamba kunyonya choo kwa gari ni gharama, na nyumba mbili zikichangia safari moja mzigo hupungua.

17. Tuchange tutengeneze wenyewe?

Kifusi kwenye kichochoro, sawa. Barabara yenye mwenyewe, ombeni kwanza ruhusa ya maandishi ya TARURA. Mlima wa tuta mliojijengea ukiangusha bodaboda, mtatafutwa nyinyi. Fedha zikae kwa watu watatu na ziwe na risiti, na kazi ikiisha iandikwe kwenye muhtasari wa mtaa, la sivyo mwaka ujao itahesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

18. Nimeambiwa nitoe "hela ya mafuta" ili fundi aje.

Ofisi ya umma haitozi mafuta mkononi. Kama kuna ada halali, utapewa namba ya malipo. Ukidaiwa nje ya hapo, TAKUKURU ni 113, bure.

19. Anayesababisha kero ndiye mwenyekiti mwenyewe.

Baa ni yake, au gereji bubu ni ya shemeji yake. Mruke. Nenda kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi, na sainini wengi.

20. Tatizo liko mpakani mwa kata mbili, kila upande unasukuma.

Andika barua moja kwa watendaji wa kata wote wawili, kila mmoja aone jina la mwenzake juu. Mto au mtaro ukiwa ndio mpaka, waombe wafike eneo siku moja. Wakisimama pale pamoja hakuna wa kumrushia.

21. Shimo limeharibu gari langu. Naweza kudai fidia?

Unaweza kujaribu, lakini si kwa haraka. Kabla ya kuishtaki serikali au halmashauri mahakamani, sheria inataka notisi ya siku 90. Piga picha za shimo na gari pale pale, pata taarifa ya polisi, tunza risiti za fundi. Barua ya awali ya mkazi yeyote iliyoonya kuhusu shimo hilo, yenye muhuri wa kupokelewa, ni ushahidi wa thamani. Kwa uharibifu mdogo, wakili atakula zaidi ya bampa.

22. Tunakaa bondeni. Tukiripoti mafuriko, hatutabomolewa?

Hofu hii ina sababu. Waliobomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015 bado wanakumbukwa, na sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kuripoti hakubadilishi vipimo hivyo. Nyumba iliyo ndani ya mita 60 imo, mseme msiseme.

Tofauti ipo kwenye mnachoripoti. Wachimba mchanga wanaokula kingo, taka zilizoziba daraja, kifusi kilichomwagwa mtoni usiku na lori: hayo ni makosa ya wengine, na mkikaa kimya mto unahamia kwenu. Kitu kingine ni karatasi zenu wenyewe. Wekeni pamoja hati au mikataba ya mauziano, bili za zamani, picha za nyumba, na jina kwenye daftari la mtaa. Siku mthamini wa mradi atakapopita na daftari lake, kama walivyopitiwa wakazi wa Jangwani kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, atauliza nani anakaa hapa na tangu lini, na atamgeukia mtendaji amthibitishie.